Yaliyobaki Mdomoni

Mwalimu mkuu mpya alituketisha ukumbini,
akasema kila mmoja asimame, ajieleze.
Nikasimama. Nikasema: Naitwa Nyaketcho, natunza stoo.
Nikakaa.

Lakini njiani, nikishuka kuelekea soko la Tororo,
ndoo tupu ikinigonga paja,
maneno yaliamka kama kuku waliosikia ulezi ukimwagwa.

Ningesema: chai yangu sitii sukari,
natia chumvi, punje tatu, za kuhesabu.
Mgeni akiionja hukunja uso, nami moyoni hushukuru:
kikombe changu hakiombwi mara ya pili.

Ningesema: roleksi nataka bila kitunguu, bila nyanya,
na Emojong wa kona ya benki
amechoka kuniambia hiyo si roleksi,
ni chapati iliyojifunika shuka.

Sarafu za mia tano nazilaza korongo akitazama juu.
Sijui kwa nini. Akilala kifudifudi
naona kama nimemnyima pumzi.

Nahesabu kwa Kiswahili. Nilikiokota Malaba
kwa madereva wa malori, nikiuza mayai ya kuchemsha,
na hadi leo chenji ya lugha nyingine siiamini.
Nasali kwa Dhopadhola.
Nikikasirika, Kiingereza ndicho kinachonijia,
kimevaa viatu, kinagonga sakafu,
na wanafunzi hujua: leo madaftari hayatoki.

Penye chungu cha malwa nashika mrija, sinywi.
Sijaokoka. Nataka tu kusikia kwa vidole
wenzangu wakivuta, ule mtetemo mdogo
kama mtu anayecheka chumba cha pili.
Baba mkwe alidhani nalewa polepole.
Nilimwacha adhani.

Napenda mvua ya kwanza juu ya vumbi la saruji.
Wengine huziba pua. Mimi hufungua dirisha.
Mwamba ukijitanda wingu asubuhi, sifui,
hata jua likiwaka saa nne,
na nimewahi kwenda kupima posho
na gauni la Krismasi, mwezi wa Julai,
kwa ajili ya wingu lile.

Sipendi kusindikizwa.
Napenda mtu anayefunga mlango bila kelele.
Ochwo nilimkubali kwa hilo tu;
mengine nilimkuta nayo.

Na hili nisingelisema hata kwa mshahara:
mfukoni mwangu mna maharage makavu, konzi moja,
kila siku, hata kanisani, hata siku ya arusi.
Nayabadilisha mwezi ukiandama.
Jina langu ni la njaa. Mama alinizaa
mwaka ulezi uliokauka ukiwa kimo cha goti,
nami, niliyekula kila siku niliyoishi,
nauwekea akiba mwaka nisioukumbuka.
Stoo nina magunia arobaini. Ni ya shule.
Ya mfukoni ni yangu.

Siku moja Ochwo alifua gauni bila kuuliza,
akalianika na mfuko umejaa.
Tukaitwa msibani, Nagongera, siku tatu,
mvua ikalikuta kambani.
Tuliporudi yalikuwa yameota,
vichwa vyeupe vikichungulia kwenye mshono.
Nilisimama pale kama mwizi aliyeshikwa na kuku mkononi.

Hakucheka. Hakuuliza.
Aliingia ndani, akayapepeta mengine,
akayachagua, akatoa lililotobolewa,
akaniletea konzi moja: konzi yake,
kubwa kuliko yangu.

Tangu siku hiyo mfuko unanivuta upande wa kushoto,
natembea nimeinama kidogo.
Nadhani mwalimu mkuu ameshaliona hilo.